Mbele ya Gari Imegongwa: Ninyooshe au Nikate?

Swali kutoka kwa msomaji wa Kahawa Wendani:

"Habari fundi. Mwezi uliopita niligonga lori kwa nyuma nikitoka Roysambu kuelekea Githurai, magari yalisimama ghafla nami nikachelewa kukanyaga breki. Gari langu ni Toyota Fielder ya 2013, ndilo linalopeleka watoto shule na kubeba mzigo wangu wa Gikomba. Boneti imekunjika, taa zote mbili zimevunjika, rejeta imerudi nyuma hadi kwenye feni. Eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga abiria) hazikufunguka. Nililisogeza kando ya barabara likiendeshwa, lakini usukani ulikuwa umelala kushoto. Bima yangu ni ya thadi pati, kwa hivyo gharama ni zangu. Fundi wa Kariobangi anasema atalivuta kwa mnyororo, apake fila (ya kuziba mabonde) na rangi, siku tatu limekwisha. Mwingine wa Eneo la Viwanda anasema lazima akate mbele yote mpaka kwenye shokabzoba, achomelee nozikati, yaani mbele nzima iliyokatwa kwenye gari lingine, ya kutoka Japani. Bei ya huyu wa pili ni karibu mara mbili. Nimeambatisha picha. Nimsikilize nani, na gari litakuwa salama kwa watoto?"

Jibu:

Pole sana, dada, na afadhali mlitoka wazima. Usimkubalie yeyote kati ya hao wawili mpaka apime gari ukiwa umesimama hapo. Wote wamekupa bei kwa macho, na macho hayatoshi kwa sehemu ya mbele. Gari moja linaweza kuwa na sehemu ya kunyoosha na sehemu ya kubadilisha, na kutokana na picha zako naona lako ni la aina hiyo. Kinachoamua ni vipimo, pamoja na namna chuma kilivyojikunja.

Fielder halina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi: mabati yaliyokunjwa na kushikanishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea. Mbele kuna reli mbili, kila upande moja, zinazoanzia chini ya sakafu, zinapita kando ya injini na kufika nyuma ya bampa. Ncha zake zimeunganishwa na chuma cha bampa, kile kinachofichwa na plastiki. Juu ya reli kuna bati la ndani la fenda, na katikati ya bati hilo umesimama mnara ambao shokabzoba imefungwa. Mbele kabisa kuna fremu ya rejeta inayobeba rejeta, kondensa ya AC, taa na kufuli ya boneti. Chini kuna krosmemba, imefungwa kwenye bodi kwa bolti, nayo ndiyo inayoshika mikono ya magurudumu na reki ya usukani. Reli ikihama milimita chache, gurudumu linahama nayo hata kama lenyewe halikuguswa na kitu.

Reli hizo zimetengenezwa ili zijikunje. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeomba hataza ya wazo hilo mwaka 1951, na gari la kwanza kuuzwa likiwa limejengwa hivyo lilitoka mwaka 1959. Ukiitazama reli kwa karibu utaona mabonde madogo na matundu. Yamewekwa hapo ili chuma kianze kujikunja mahali palipopangwa, kimeze nguvu za mgongano, na chumba cha abiria kibaki na umbo lake. Kwa hivyo ukarabati wa kweli unarudisha vitu viwili: umbo la reli, na uwezo wake wa kujikunja vile vile siku nyingine. Fundi akikuambia ataongeza sahani nene ya chuma kwenye reli "iwe na nguvu zaidi", mkatalie kabisa. Reli iliyoongezwa sahani haijikunji kwa wakati wake. Nguvu inapitiliza hadi kwenye sakafu na kifua cha dereva, na vihisi vya eabegi navyo vinasoma mgongano tofauti na ulivyokusudiwa na kiwanda.

Kuhusu eabegi kutofunguka, usiharakishe kudhani ni mbovu. Ukiingia nyuma ya lori, bodi ya lori huwa juu ya bampa yako. Inakula boneti, taa na fremu ya rejeta, vitu laini, huku reli zikipata sehemu ndogo tu ya pigo. Gari linapunguza mwendo polepole kuliko likigonga ukuta, na kompyuta ya eabegi hupima jinsi mwendo unavyopungua kwa ghafla. Inawezekana kabisa iliamua sawasawa. Hilo lazima lithibitishwe kwa mashine, na nitalirudia.

Sasa picha zako. Ile ya boneti inatisha lakini haina maneno mengi: boneti, fenda, taa, rejeta na kondensa hufungwa kwa bolti, vinatoka na vingine vinaingia. Picha niliyoitazama kwa muda mrefu ni ile iliyopigwa kutoka chini, upande wa kushoto, plastiki ya bampa ikiwa imetolewa. Inaonyesha ncha ya reli, kama kiganja kimoja nyuma ya chuma cha bampa. Rangi imepasuka kwa mstari mmoja unaokata reli kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye mstari huo bati limekunjika likalaliana. Reli ya kulia ni tofauti. Kuna nyufa nyembamba kwenye rangi, lakini bati lenyewe lina mpindo mpana, mwepesi, usio na kona.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Bati lililopinda kwa upana hurudi likivutwa kwa utaratibu. Bati lililokunjika kwa kona kali limeshavutwa kupita uwezo wake pale kwenye kona. Limekuwa gumu na jepesi kukatika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja. Ukilinyoosha litaonekana zima, utapaka rangi, na siku ya ajali nyingine litakatikia hapo hapo. Lililopinda linyooshwe, lililokunjika kwa kona libadilishwe. Kwa hiyo, kwa ninavyoona, reli ya kulia ni ya kuvutwa. Ya kushoto inatakiwa ivutwe kwanza ili sehemu yake ya nyuma irudi mahali pake, kisha kipande cha mbele kiondolewe na kuwekwa kingine.

Kabla ya kumwona fundi, fanya jambo moja mwenyewe. Tafuta tepu ya kupimia ya chuma na mtu wa kukushikia upande wa pili. Juu ya kila mnara wa shokabzoba kuna nati tatu. Pima kutoka nati ya nyuma ya mnara wa kushoto hadi nati ya mbele ya mnara wa kulia, uandike. Kisha geuza: ya nyuma kulia hadi ya mbele kushoto. Hakikisha tepu haigusi injini wala haipindi, na upime mara mbili kila ulalo. Kwa kawaida viwanda huruhusu tofauti ya milimita 3 hivi kwenye vipimo vya bodi. Kama tofauti yako iko hapo au chini, ni habari njema, maana pigo halikufika kwenye minara. Kama zinapishana milimita 8 au 10, mnara mmoja umehama na kazi imekuwa kubwa kuliko alivyokuambia fundi wa Kariobangi.

Halafu fungua mlango wa dereva polepole, kisha wa abiria. Tazama mwanya kati ya mlango na fenda, na kati ya mlango na nguzo ya kioo. Mlango ukikwaruza, au ukishuka ukiufungua na hapo awali haukuwa hivyo, nguvu imefika kwenye chumba cha abiria. Inua zulia miguuni mwa dereva uangalie kama bati limejikunja. Ukikuta mkunjo pale, simamisha mipango yote ya ukarabati mpaka upate tathmini ya gari kutoka kwa mtu asiyetafuta kazi ya kulitengeneza. AA Kenya hufanya tathmini za namna hiyo. Fielder lililosukumwa ukuta wa dashibodi nisingemshauri mtu alitengeneze kwa ajili ya kubeba watoto. Ni bora liuzwe kwa spea.

Nije kwenye mnyororo. Kuvuta si kosa. Ndiyo njia ya kazi hii. Kosa ni kufunga gari kwenye mti au lori na kulinyakua kwa nguvu moja. Gari linatakiwa lishikwe kwa vibano vinne kwenye kingo za chini ya milango, juu ya benchi (fremu nzito ya chuma ya kufungia gari) au sakafu yenye nanga, ili livutwe mbele peke yake bila kiwiliwili kujikunja. Mnyororo unafungwa kwenye jeki ya haidroliki inayovuta kidogo kidogo. Mwelekeo ni kinyume cha pigo, na utaratibu ni wa kurudi nyuma: kilichoharibika mwisho kinarudishwa kwanza. Fundi anavuta, anashikilia, anagonga taratibu kuzunguka mpindo kwa nyundo na kipande cha mbao ili chuma kiachie, analegeza mnyororo, anapima. Chuma hujirudia kidogo kila ukikilegeza, kwa hiyo anavuta kupita kidogo, analegeza, anapima tena. Kazi hii inaweza kuchukua siku nzima kwa reli moja, na ukimwona fundi anayepima mara nyingi kuliko anavyovuta, huyo anajua anachofanya.

Muulize pia kuhusu moto. Mafundi wengi wa mitaani huwasha gesi, wakaipasha reli mpaka iwe nyekundu ndipo wavute, kwa sababu inakuwa laini na kazi inakwisha haraka. Kwa magari ya zamani yenye chuma laini walizoea na hawakuona madhara. Gari la 2013 lina vyuma vya viwango mbalimbali. Bati la kawaida lina nguvu ya megapaskali (kipimo cha uimara wa chuma) 270 hivi, lakini sehemu za muundo hutumia vyuma vya 440, 590 na kuendelea, na baadhi ya magari yana nguzo zinazofikia 1,500. Nguvu hiyo imepatikana kwa namna chuma kilivyochanganywa, kilivyoviringishwa na kupozwa kiwandani. Chuma chenye wekundu unaoonekana mchana kimepita nyuzi joto 600, na baada ya hapo hakirudi kuwa kilivyokuwa. Reli itabaki na umbo la reli na ulaini wa bati la boneti. Kwa gari lako, kuvuta kufanyike chuma kikiwa baridi.

Na nozikati? Nazifahamu zinazopangwa kwenye maduka ya spea, mbele nzima iliyokatwa ikiwa na taa, boneti, rejeta na vyote. Kwako ina faida kubwa, kwa sababu unahitaji karibu kila kitu kilichomo, na kuvinunua kimoja kimoja Kirinyaga Road kutakugharimu zaidi. Inunue, lakini uitumie kama ghala la vipuri. Toa humo fremu ya rejeta, chuma cha bampa, taa, boneti na kipande cha mbele cha reli ya kushoto. Usikubali ikatwe na kuchomelewa kwenye minara. Aliyeikata kule alikata kwa urahisi wa kuipanga ndani ya kontena, bila kujali ni wapi kiwanda kinaruhusu muunganisho. Ukiunganisha reli mbili nzima mbele ya minara unakuwa umehamishia viungo vyote pale ambapo injini na magurudumu vinategemea, na kosa la milimita 5 hapo linafuata gari maisha yake yote. Kama reli yako ya kulia inaweza kunyooka, kuikata ni kuharibu kitu kizima.

Unapoichagua, hakikisha ni ya Fielder lenye namba ya modeli sawa na yako. NZE161 ni ya magurudumu mawili ya mbele, NZE164 ni ya magurudumu manne. Kisha lala chini uikague reli yake kama nilivyokagua yako kwenye picha. Nukta za kuchomelea za kiwandani ni duara ndogo zilizopangika, na ukiona mahali pana mstari wa kuchomelea uliosuguliwa kwa mashine, ujue iliwahi kugongwa na kutengenezwa. Iache.

Kipande cha reli kitolewe kwenye kiungo chake cha kiwandani: nukta za zamani zinatobolewa kwa drili, kipande kinaachia, kipya kinakaa mahali pale pale na kushikiliwa kwa vibano. Hapo kinapimwa tena, kabla ya kuchomelewa, pamoja na fenda na boneti zikiwa zimewekwa kwa majaribio ili mianya ionekane. Kuchomelea kufanyike kwa mashine ya MIG yenye gesi, kwa kujaza matundu yale ya nukta moja baada ya nyingine huku fundi akirukaruka pande ili joto lisilundikane. Mashine ya vijiti ya kuchomelea mageti haina nafasi kwenye bati la milimita 2. Mguso wa mwisho ambao karibu kila mtu anauruka ni kinga ya kutu. Joto huunguza zinki ndani ya reli, mahali usipoona, na mvua za Machi hadi Mei zikipita mara kadhaa reli inaliwa kutoka ndani. Dai praima ya zinki kwenye maungio, na nta ya kunyunyizia ndani ya reli kupitia matundu yake baada ya rangi kukauka.

Kabla ya haya yote betri itolewe, na fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa waya wowote wa eabegi, kama Toyota wenyewe wanavyoagiza. Vihisi vya mbele vya eabegi vimefungwa kwenye sehemu hii hii inayotengenezwa. Vitolewe, visigongwe, virudishwe vikielekea vilivyokuwa, na kama kimoja kina ufa kibadilishwe.

Usukani wako uliolala kushoto unanipa shaka na tumaini kwa pamoja. Mara nyingi baada ya pigo la namna hii krosmemba imeteleza milimita kadhaa kwenye bolti zake. Kama ni hiyo tu, inalegezwa, inapangwa upya kwa matundu yake ya mwongozo, inakazwa, na usukani unarudi. Kwa hiyo krosmemba ipimwe kabla mtu hajasema reli ndiyo inavuta gurudumu. Tai rodi (fito inayounganisha usukani na gurudumu) na mkono wa chini wa kushoto navyo vikaguliwe kama vimepinda.

Hapo ndipo alaimenti, yaani kupima magurudumu yamekaaje, inapokuwa shahidi wako. Kwenye Fielder, kinachorekebishwa kwa kawaida mbele ni mwelekeo wa magurudumu kuingia au kutoka. Kuegemea kwa gurudumu kwa ndani au nje, na kuegemea kwa nguzo ya shokabzoba mbele au nyuma, vinatokana na umbo la bodi. Omba karatasi iliyochapishwa, uisome mwenyewe. Ikiwa mwelekeo ni sawa lakini vile viwili vinapishana kati ya kushoto na kulia kwa zaidi ya robo tatu ya digrii, bodi au krosmemba bado haijarudi, na gari litavuta upande mmoja na kula tairi hata likipakwa rangi ya kupendeza namna gani. Usikubali kuambiwa "litajipanga barabarani".

Kwa hiyo nenda na masharti haya kwa fundi utakayemchagua, nami ningeanza na yule wa Eneo la Viwanda kama ana benchi ya kuvutia, nikimwambia wazi kwamba sitaki akate kwenye minara. Bei iandikwe kwa mafungu: kupima, kuvuta, kipande cha reli, spea, rangi, alaimenti, kukagua eabegi. Vipimo vya kabla na baada viandikwe kwenye karatasi na upewe nakala. Picha za reli zipigwe baada ya kuchomelea na kabla ya rangi, kwa sababu rangi na fila vikishapita huwezi tena kujua kilichofanyika chini yake. Fila haina kazi kwenye reli hata kidogo. Ikionekana hapo, imefunika kitu. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka uone karatasi ya alaimenti.

Siku ya kulichukua, washa swichi bila kuwasha injini uitazame taa ya eabegi kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake kwa sekunde 6 hivi, kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ni vibaya zaidi, maana kuna mafundi wanaoikata taa hiyo, au kuiunganisha na taa nyingine ili zizime pamoja, mteja asiulize. Kwa sababu hiyo usitegemee taa peke yake: lete mtu mwenye mashine ya uchunguzi inayosoma kompyuta ya eabegi, si ile ya injini pekee, na msome pamoja kilichoandikwa. Halafu vuta kila mkanda wa mbele kwa ghafla uhakikishe unakamata, elekezea taa ukutani usiku uone kama zinaangaza kwa urefu mmoja, na baada ya kilomita 500 hivi pitisha kiganja kwenye tairi za mbele. Ukihisi ukingo mmoja umeanza kuchongoka, rudi kwa fundi na karatasi zako za vipimo kabla watoto hawajapanda tena kwa safari ndefu.